Uzi wa Utumbo

Kwetu Nyamwaga, utumbo ni supu. Siku ya mnada unasimama kando ya sufuria, unapuliza bakuli, unaongeza pilipili, habari imeisha. Ilinibidi nifike Dubai ndipo nijue kuna watu wanaouchukua utumbo huohuo wa ng'ombe, wakauparua hadi ukabaki utando wa nje, wakausokota, wakaukausha, wakauza uzi wake kwa bei inayokaribia mbuzi mzima. Na anayeununua haupiki. Anaufunga kwenye raketi ya tenisi.

Wakati huo nilikuwa dereva wa kusambaza mizigo. Kati ya maduka niliyopeleka maboksi lilikuwamo moja la vifaa vya michezo, na nyuma yake, chini ya taa nyeupe, alikaa fundi wa nyuzi, Mfilipino wa makamo. Siku ya kwanza nilipoingia nilimsikia kijana wa kaunta akiita kwa nguvu, "Kuya!" Nikageuka. Nilidhani nimeshatambuliwa kabila, Mkurya mimi. Kumbe kwao kuya ni kaka mkubwa, neno la heshima. Tulicheka sana. Tangu siku hiyo yeye akaniita Kurya, mimi nikamwita Kuya, nami nikapata sababu ya kukawia dakika kumi kila nilipoleta mzigo.

Dakika kumi hazimalizi raketi, ila zinatosha kukufanya urudi kesho yake. Kuya anaibana raketi juu ya mashine, kichwa chake kikiwa kimeshikwa pande zote ili fremu isipinde nyuzi zitakapoanza kuvuta. Anaanza na nyuzi za wima, kutoka katikati kwenda nje, moja kushoto, moja kulia, asielemee upande mmoja. Mashine inavuta kwa uzito aliouweka, tuseme kilo 25, inalia kidogo, anabana uzi kwa kibanio, anaendelea. Mpaka hapo mtu yeyote mwenye subira anaweza.

Shughuli inaanza kwenye nyuzi za kulala. Kila mmoja sharti upite juu ya uzi wa wima, chini ya unaofuata, juu, chini, hadi ukingoni. Na wa pili yake ufanye kinyume. Raketi yenye nyuzi 16 za wima na 19 za kulala ina makutano 304. Uzi wa plastiki unavumilia kuburuzwa. Wa utumbo hauvumilii. Ukiuburuza harakaharaka pale pale, msuguano unaukata kama msumeno. Ukiukunja mara moja tu, umeshauua. Kwa hiyo Kuya hauvuti ukiwa umenyooka. Anaupitisha ukiwa na upinde, mkono wa kushoto ukipanda na kushuka taratibu, kama anayefukuza nzi asitake kumuudhi, ili sehemu moja isisuguliwe mara mbili. Kwenye vidole vyake vya shahada palikuwa na vijifereji vigumu, mahali uzi ulipojichimbia njia kwa miaka.

Akimaliza anazisawazisha nyuzi kwa kucha, kijumba baada ya kijumba. Kisha anazipiga kwa kiganja na kusikiliza. Hapo ndipo aliponikumbusha babu.

Babu yangu hupiga litungu, ala yetu ya nyuzi nane, yenye sauti nzito inayokufikia kifuani kabla ya masikioni. Akikaza uzi haangalii. Anauviringisha kwenye mti wa juu, anaugonga kwa kidole, anafumba macho. Ukithubutu kusema neno: "Mura, nyamaza. Huu bado haujakubali." Siku hizi anafunga nailoni, ile ya wavuvi, tunayomletea kutoka Musoma. Zamani, anasema, uzi ulitoka kwa mnyama, kano au utumbo, na nailoni inaimba lakini haisemi. Nilidhani ni manung'uniko ya uzee tu.

Kuya naye alikuwa na manung'uniko yaleyale, karibu kwa maneno yaleyale. Ndiye aliyenieleza kwamba akina Babolat wa Lyon, Ufaransa, waliotengeneza uzi wa kwanza wa raketi mwaka 1875, walikuwa tayari wakitengeneza nyuzi za ala za muziki. Yaani tenisi ilikwenda kuazima kwa wapiga fidla. Kisha ukaja uzi wa poliesta. Mwaka 1997 Gustavo Kuerten wa Brazil alishinda Mashindano ya Ufaransa akiwa nao, na wachezaji wakaukimbilia, kwa sababu ni mgumu, haukatiki ovyo, na unauzungusha mpira kwa ukali. Unachosha mkono, vilevile unalegea upesi. Utumbo ni laini zaidi, unarudisha nguvu, ila unaogopa maji na unataka fundi mwenye adabu.

"Sasa nenda kamwone anayechanganya," akaniambia. "Wima utumbo, kulala poliesta. Usitazame mpira, tazama begi lake."

Basi Jumamosi tarehe 2 Machi 2019 nikawa Garhoud, hapohapo Dubai, kwenye uwanja wa tenisi wa viti kama 5,000, safu za nyuma kabisa. Fainali ilikuwa ya Roger Federer, huyo anayechanganya, na Stefanos Tsitsipas, kijana wa miaka 20 aliyekuwa amemtoa Federer kule Melbourne mwezi Januari. Watu walikuja kuona taji la 100 la Federer, na walilipata: 6-4, 6-4, dakika 69. Yatosha. Magazeti yaliandika mengine yote.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye begi lake. Katika tenisi mipira hubadilishwa baada ya michezo saba ya mwanzo, kwa kuwa kupasha moto kunahesabiwa kama miwili, kisha kila baada ya tisa. Desturi ya Federer ilikuwa kwamba mipira mipya inaenda na raketi mpya. Ikija zamu hiyo alitoa raketi kwenye mfuko wake wa plastiki, akagonga nyuzi kidogo, akaenda. Ile iliyowekwa chini haijakatika uzi hata mmoja. Imelegea tu, kiasi ambacho mimi na wewe tusingekihisi hata tukiishika kutwa nzima. Na kule kichwani mwa raketi, uzi unapopinda kuingia kwenye fremu, huwekewa vipande vidogo vya ngozi ili ukingo usiukwaruze. Utumbo na ngozi: walichoacha ni nyama tu.

Halafu sauti. Uwanja ule ulinyamaza kabla ya kila pigo la kuanzisha, nami nikafumba macho. Mshabiki wa pembeni yangu alinitazama kama mtu aliyelipa nauli akashuka kituo cha kwanza. Lakini ukifumba macho unatofautisha. Mpira ukigonga katikati ya nyuzi, sauti ni moja, fupi, nzito, na inafanana raketi hadi raketi, yaani kuna mtu aliyekaa mahali kabla ya mechi akazikaza zote ziseme neno moja. Ukigonga pembeni, inapasuka. Nilijikuta ninatikisa kichwa kabla mwamuzi hajatangaza pointi. "Huu bado haujakubali."

Wakati wa kukabidhi kombe walishukuriwa wadhamini, waandaaji, waokota mipira, mashabiki. Fundi wa nyuzi hakutajwa. Jumatatu nilimweleza Kuya hilo kwa uchungu kidogo. Hakuinua kichwa, alikuwa kwenye uzi wa kumi na moja wa kulala, na ukiongea naye hapo anapoteza hesabu.

Desemba niliporudi nyumbani nilikuwa na kipande cha uzi wa utumbo mfukoni, masalio Kuya aliyonikatia, urefu wa kutosha litungu. Nilimpa babu mezani bila maelezo. Aliushika akauelekeza dirishani, akausokota kati ya vidole, akaunusa. Akaung'ata taratibu kwa jino la pembeni alilobaki nalo.

"Ng'ombe," akasema.

Nikamwambia, ndiyo babu, ng'ombe wa Ulaya.

Akaung'ata tena, akakunja uso, akaanza kuukwangua kwa kucha ule utando unaong'aa kiwandani wanaouvisha uzi usinywe maji.

"Sasa mura, huyu ng'ombe wamempaka nini?"