Kipimo cha Tuzo

Chukua mfano, msomaji, kwamba wasomaji wenzako wa Muthurwa, mtaa wa Nairobi uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, wamekuita mwamue pamoja kitabu kistahilicho kutangulia. Mbele yako vipo viwili. Vyote vilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, kila kimoja kwa lugha yake: Kill Me Quick, riwaya ya Kiingereza ya Meja Mwangi, na Sauti ya Dhiki, diwani ya Abdilatif Abdalla. Utatanguliza kipi?

Yamkini wengi mtaani watatanguliza riwaya. Inasimulia habari za Meja na Maina, vijana waliosoma, wakakosa kazi mjini, wakalala vichochoroni na kula vilivyotupwa. Vichochoro hivyo vi karibu nasi. Lakini kutajwa kwetu si sifa ya mwandishi. Hata karani huweza kuorodhesha mitaa. Sifa ya Mwangi ni kutuchekesha penye njaa pasipo kuwadharau wenye njaa. Kasoro yake ni kwamba hadithi, ifikapo gerezani, huacha njia yake ili kusikiliza visa vya wafungwa wengine.

Wengine watatanguliza diwani kwa huruma, maana mshairi aliitunga kifungoni, kati ya 1969 na 1972, kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi? Huruma nayo si kipimo. Kifungo humtesa mtu, hakimfundishi vina. Itazame kazi yenyewe. Utaratibu wa ushairi wa kale wa Mombasa umeishika hasira mpya, nayo haikugeuka kelele. Imebanwa ndani ya ubeti, ikazidi nguvu. Kwa hiyo naipa diwani nafasi ya kwanza, na riwaya ya pili, kwa tofauti ndogo.

Tena kumbuka kwamba tuzo ile ilichukua jina la Rais aliyekuwa madarakani, na mshairi alikuwa ametoka katika gereza la serikali yake miaka miwili tu kabla. Waamuzi wangaliweza kumruka, hawakumruka. Nawe ukiketi kuamua, usiulize mwandishi ni wa mtaa gani, wala ni nani asiyempenda. Uliza amefanya nini kwa maneno yake, kisha uwe tayari kulieleza jibu lako mbele ya mwenzako aliyechagua kingine.