Asilimia ya Nini? Jinsi Damu ya Mgonjwa wa CML Inavyosomwa

Mama mmoja alitoka Kilombero na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Ndani mlikuwa na karatasi nne za majibu, kila moja na kliniki yake: 38%, 9%, 2.7%, na ya mwisho 14%. Nilimwamkia, akaitikia, akazipanga karatasi mezani kwa tarehe zake, kisha akaweka kidole juu ya ile ya mwisho. "Mwanangu, hii asilimia ni ya nini? Ni damu yangu iliyooza?"

Nimekaa maabara miaka mingi, na swali lile ndilo nililopaswa kuwaeleza wagonjwa siku zote bila kungoja kuulizwa. Mtu anaishi na saratani ya damu, anameza kidonge kila siku, anakuja kliniki kwa basi la usiku, na uamuzi wote juu ya maisha yake unategemea namba ambayo hakuna aliyemfafanulia. Kwa hiyo leo tuifuate namba hiyo tangu sindano inapotoa damu hadi karatasi inapochapwa, halafu tukitazame kipimo cha pili ambacho wengi hukichanganya na hiki cha kwanza. Vyote viwili huitwa "kipimo cha jeni", lakini kimoja huhesabu na kingine husoma.

CML ni saratani sugu ya damu inayoanza kwa ajali moja ndani ya seli ya uboho. Kromosomu namba 9 na namba 22 hukatika, vipande vikabadilishana mahali. Peter Nowell na David Hungerford ndio waliogundua mwaka 1960, mjini Philadelphia, kwamba seli za wagonjwa hawa zina kromosomu moja fupi kuliko kawaida. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba kipande kilichokosekana hakikupotea, kilihamia kwenye kromosomu nyingine. Katika kuhama huko, jeni iitwayo ABL hushonwa na jeni iitwayo BCR, na protini inayozaliwa na mshono huo haijui kuzimika. Mchana na usiku huamrisha seli nyeupe za damu zizaliane. Bandama huvimba, mgonjwa hukonda na kutoka jasho jingi usiku, na asipotibiwa ugonjwa hugeuka kuwa mkali.

Mama yule nilimweleza kwa kanga. Chukua kanga mbili za rangi tofauti, ikate kila moja katikati, kisha shona nusu ya hii na nusu ya ile. Dukani zimejaa kanga nzima, na nzima hazituhusu. Tunachotafuta ni ile yenye mshono, na namna ya kuipata ni kuutafuta mshono wenyewe.

Hapa kuna jambo ambalo hata baadhi ya wanafunzi wetu hulikosea. Mshono hautafutwi kwenye DNA. Kwenye DNA, jeni ya ABL inaweza kukatika popote ndani ya eneo refu mno, na kila mgonjwa ana mkato wake. Lakini seli inaponakili jeni hiyo kuwa RNA, huondoa sehemu zisizohitajika na kuunganisha zinazobaki, na kwa wagonjwa karibu wote wa CML matokeo huwa mshono wa aina moja au mbili tu. Ndiyo maana tunapima RNA. Na ndiyo maana damu yenyewe ni ya kushikwa kama yai, kwa sababu RNA huvunjika haraka. Bomba lenye kifuniko cha zambarau likikaa siku kadhaa kwenye joto, kilichokuwa ndani ya seli kimeshakatikakatika kabla mashine haijawashwa.

Mashine inayotumika sehemu nyingi za Afrika Mashariki ni GeneXpert, ileile iliyoenea hospitalini kwa ajili ya makohozi ya kifua kikuu baada ya Shirika la Afya Duniani kuipitisha Desemba 2010. Watu wa kifua kikuu na watu wa saratani wanatumia mashine moja. Kinachotofautiana ni katriji. Mtaalamu huchukua mililita 4 za damu, huongeza kimeng'enya cha kuyeyusha protini na dawa ya kupasua seli, hutikisa, husubiri, huongeza alkoholi, kisha humimina kwenye katriji na kuifunga. Kuanzia hapo mkono wa mtu haugusi tena. Ndani ya katriji RNA hunaswa, hugeuzwa kuwa DNA, kisha hupashwa moto na kupozwa tena na tena, na kila mzunguko nakala zenye mshono huongezeka maradufu. Rangi iliyofungwa kwenye nakala hizo hutoa mwanga. Mwanga ukionekana mapema, mshono ulikuwa mwingi, na ukichelewa kwa mizunguko kama mitatu na kidogo, mshono ulikuwa pungufu mara kumi. Mashine huhesabu pia ABL kwa jumla ili ijue kama damu yenyewe ilikuwa na RNA ya kutosha, halafu inagawanya. Chini ya saa tatu, jibu lipo.

Sasa asilimia. Katika utafiti mkubwa wa imatinib, dawa ya CML, uitwao IRIS, maabara tatu za Adelaide, London na Seattle zilipima damu ya wagonjwa 30 ambao hawakuwa wameanza dawa, na wastani wao ukawekwa kuwa ndio 100%. Vipimo vya dunia nzima vinalinganishwa na mstari huo, unaoitwa kipimo cha kimataifa. Kwa hiyo 9% haimaanishi kwamba sehemu tisa za damu ya mama zimeharibika. Inamaanisha kwamba mshono ndani ya damu yake umepungua hadi chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya pale wagonjwa wale walipoanzia. Ikifika 0.1%, umepungua mara elfu moja, na mtu aliyefika hapo na kubaki hapo ana nafasi ndogo sana ya kufa kwa CML.

Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2020 unataka 10% au chini kwa miezi mitatu tangu kuanza dawa, 1% kwa miezi sita, na 0.1% kwa mwaka mmoja. Mama alikuwa anashuka, japo polepole. Kisha ikaja 14%.

Namba inapopanda, jambo la kwanza ni kumuuliza mgonjwa kuhusu vidonge, na kumuuliza bila kumtisha. Hospitali ya Hammersmith ya London ilifuatilia wagonjwa 87 kwa chupa za dawa zenye kifaa kidogo kinachorekodi kila mara kifuniko kinapofunguliwa. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya vidonge vyao walikuwa na uwezekano wa 94.5% wa kufikia ile 0.1% ndani ya miaka sita. Waliomeza asilimia 90 au pungufu walikuwa na 28.4%. Pungufu ya asilimia 90 ni kukosa vidonge vitatu au vinne tu kwa mwezi. Kwetu vidonge hivyo vitatu hukosekana kwa sababu ya nauli, kwa sababu ya mfungo, kwa sababu ya kichefuchefu, kwa sababu ya shemeji aliyesema dawa ikimezwa miaka mingi huharibu figo. Mgonjwa anayeona atakaripiwa atasema amemeza vyote, na hapo tutatumia fedha kutafuta kosa la jeni ambalo halipo.

Mama yule alikuwa amemeza. Alitoa kwenye mkoba daftari la shule la mtoto, kila siku na alama yake ya vema. Basi tukageukia kipimo cha pili.

Protini ile isiyozimika ina tundu, na imatinib hujichomeka humo kama ufunguo. Mwaka 2001, mwaka uleule Marekani ilipoidhinisha dawa hiyo, kundi la Charles Sawyers huko Los Angeles lilionyesha kwa nini inawaacha baadhi ya wagonjwa. Mahali pa 315 kwenye protini, herufi tatu za jeni ni ACT. Zikibadilika kuwa ATT, herufi moja tu, mahali hapo hukaa kiungo kingine, kikubwa zaidi, kinachoziba njia ya dawa na kuinyima mahali pa kushika. Mabadiliko haya huitwa T315I. Si imatinib peke yake inayoshindwa hapo, hata dasatinib, nilotinib na bosutinib hushindwa. Zinazojibu ni ponatinib na asciminib. Kuna mabadiliko mengine mengi, na kila moja lina dawa inayolimudu na dawa isiyolimudu. Lenye Y253H halipewi nilotinib. Lenye F317L halipewi dasatinib. Kubadilisha kidonge bila kusoma jeni ni kubahatisha, na ubahatishaji huo humla mgonjwa miezi ambayo huenda hana.

GeneXpert haiwezi kusoma herufi hizi. Inahesabu mishono na inaishia hapo. Ili kusoma, maabara hushika kanga kwa upande wa BCR na kuivuta hadi mwisho wa ABL. Ukiishika kwa upande wa ABL peke yake utakusanya na kanga nzima za seli zisizo na ugonjwa, na herufi mbovu itafunikwa na maelfu ya herufi nzuri. Nakala zilizopatikana husomwa herufi kwa herufi. Njia ya zamani, ya Sanger, huliona kosa likiwa limeshafika kama sehemu moja ya tano ya nakala zote. Njia mpya husoma nakala nyingi kwa pamoja na huliona likiwa bado sehemu chache kwa mia. Zote zinahitaji mshono uwe mwingi wa kutosha. Mtu mwenye 0.05% hana cha kusomwa, na mgonjwa mpya aliye kwenye hatua sugu kwa kawaida hahitaji kipimo hiki. Wakati wake ni pale dawa inaposhindwa au ugonjwa unapobadilika kuwa mkali.

Damu ya mama ilitumwa nje ya nchi. Ya kwanza ilifika imeharibika, kwa sababu ilikaa mahali fulani njiani juu ya meza mwishoni mwa juma, na alilazimika kurudi kutoka Kilombero kutoa nyingine. Sitasahau alivyokunja mkono wa gauni bila kulalamika. Ya pili ilisomeka: mahali pa 253, TAC imekuwa CAC. Y253H. Nilotinib, ambayo ilikuwa imeshapendekezwa, ikaachwa. Akaandikiwa dasatinib.

Ile damu iliyoharibika ndiyo inayonifanya niithamini kazi ya Jerald Radich na wenzake wa kituo cha Fred Hutchinson, Seattle, wakishirikiana na Max Foundation, taasisi ambayo tangu 2002 imekuwa ikiwafikishia imatinib bure wagonjwa wa nchi nyingi, wakiwemo wetu wa Nairobi na Dar es Salaam. Wao huchukua matone ya damu kwenye karatasi maalumu, huyaacha yakauke, na kuyatuma kwa posta ya kawaida. RNA iliyokauka kwenye karatasi huvumilia safari ambayo RNA iliyo kwenye bomba haiivumilii. Usahihi wake hupungua namba zikiwa ndogo sana, lakini kwa mgonjwa ambaye ugonjwa umepanda, namba si ndogo. Njia hii inastahili kuenea hadi hospitali za mikoa, na haidai jokofu wala mashine mpya kwa anayetoa damu.

Wenye saratani sugu ya damu ya aina nyingine, iitwayo CLL, wasichukue ratiba hii kuwa yao. Kwao mambo yamegeuka. Jeni ya TP53 na kipande cha kromosomu 17 hupimwa kabla ya dawa ya kwanza, na hurudiwa kabla ya kila dawa mpya, kwa sababu kasoro hapo humaanisha kemotherapi ya kawaida haitafanya kazi. Jeni ya IGHV hupimwa mara moja tu maishani, na aliyeambiwa kwamba yake "imebadilika" asiogope, maana katika CLL hiyo ndiyo habari njema.

Turudi kwa CML. Katika hospitali zetu nyingi GeneXpert ipo. Kinachokosekana ni katriji, ambayo bei yake ni kubwa kuliko ya kifua kikuu na haimo kwenye bajeti ileile, na mtu aliyefundishwa kuipakia. Dawa ya bure inayotolewa bila kipimo ni nusu ya tiba, na wanaopanga manunuzi ya maabara wanapaswa kuihesabu katriji pamoja na kidonge, si baada yake.

Nawe msomaji mwenye CML, omba nakala ya kila jibu na uiweke kwa tarehe, kama mama wa Kilombero alivyofanya. Namba moja peke yake haisemi mengi, lakini karatasi nne zikipangwa mezani humwonyesha daktari yeyote, hata asiyekujua, ulikotoka na unakoelekea. Ukipewa jibu, uliza kama liko kwenye kipimo cha kimataifa. Ukiambiwa dawa yako inabadilishwa kwa sababu imeshindwa, uliza, kwa heshima lakini bila woga: je, jeni imesomwa? Kama haijasomwa, omba isomwe kabla ya kidonge kipya.

Karatasi ya mwisho ya mama niliyoiona ilikuwa na 0.4%.