Kuliaga Bwawa

Kuacha ng'ombe nyumbani ni rahisi kuliko kuacha samaki. Ng'ombe akishikwa na njaa atalia mpaka jirani aje, na kuku wakikosa maji watamwandama mtu hadi mlangoni. Samaki hana sauti. Hewa ikimpungukia hupanda juu ya maji alfajiri na kutweta, na asipopata mtu wa kumwona saa hiyo, jua huchomoza akiwa amekwisha kufa. Ndiyo maana nawastahi sana wafugaji wa Meru na Embu wanaojua kuliandaa bwawa la nyuma ya nyumba kabla ya kufunga safari ndefu. Huo ni ufundi kamili, nao haujasifiwa ipasavyo.

Tena ni ufundi mchanga huku kwetu. Wazee wa upande huu wa Mlima Kenya walikulia githeri, ndizi, nduma na nyama ya mbuzi; samaki hakuwa kitoweo chao. Kituo cha samaki cha Sagana, kule Kirinyaga, kilianzishwa mwaka wa 1948, lakini mabwawa ya nyumbani yalienea hasa kuanzia 2009, serikali ilipoleta mpango wa kuchochea uchumi na kugharimia mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140. Bwawa la mpango huo lilikuwa na ukubwa wa mita mraba 300, likiwekwa vifaranga 1,000 vya perege. Kanyakine, huko Imenti Kusini, pakajengwa kiwanda kidogo cha kusindika samaki. Baadhi ya mabwawa hayo yaliachwa yakaota nyasi. Yaliyodumu yalidumu kwa kuwa yalipata watu walioyasoma maji yao kila siku.

Watu hao nao husafiri. Desemba inapofika, mmoja anakwenda Mombasa kwa wanawe, mwingine anapanda ndege kwenda Marekani kumlea mjukuu mchanga. Na Desemba ina mambo yake. Mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo inayotegemewa zaidi upande huu wa mashariki ya mlima, kwa hiyo anayeondoka mapema huacha bwawa linalotaka kufurika, na kabla hajarudi huenda jua la Januari na Februari likawa linalikausha, hasa kule Mbeere kwenye joto. Fundi huziona hali zote mbili kabla ya kufunga mzigo. Hupasua mtaro upande wa juu ili maji ya mvua yanayotoka shambani, yenye tope na dawa ya kunyunyizia kahawa, yapite kando. Hukagua bomba la kutolea maji ya ziada na kulifunga wavu mdomoni, samaki wasiondoke na mafuriko. Hutembea juu ya tuta akitafuta tundu la kaa au la panya, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Kisha hutandaza wavu juu ya bwawa, kwa kuwa mdiria na mnandi hawana likizo.

Ila kiini cha ufundi huu ni kupunguza, na hapo ndipo anayeanza hukosea kwa wema wake. Akifikiria samaki watakaobaki peke yao, huwamwagia chakula kingi siku ya kuondoka, au humwagiza kijana wa nyumbani asiwabanie. Chakula kisicholiwa huzama na kuoza, na kuoza huko hula hewa ileile ambayo samaki wanaihitaji. Mimea midogo inayoyapa maji rangi ya kijani hutoa hewa mchana, lakini usiku huivuta kama viumbe wengine, kwa hiyo saa ya hatari ni kabla ya mapambazuko. Aliyekomaa huvua samaki wakubwa mapema, akauza wengine na kugawia majirani, ili watakaobaki wapate nafasi. Huacha kutia samadi. Siku za mwisho hutumbukiza mkono bwawani hadi kwenye kiwiko: kiganja kikififia maji yanapofika kiwikoni, maji yana chakula cha kutosha cha asili; kikipotea kabla ya hapo, ukijani umezidi na maji mapya yanahitajika.

Nilimtazama mama mmoja wa karibu na Runyenjes akiipima safari yake kwa mizani ya dukani. Alikadiria kwamba samaki wake wote pamoja wana kilo 100 hivi. Kwa kawaida aliwapa asilimia mbili ya uzito huo kwa siku, yaani kilo mbili. Kwa safari alikata nusu. Akafunga kilo moja moja katika mifuko ya karatasi, akaandika siku juu ya kila mfuko, na Jumapili akaiacha bila mfuko. Kisha akamwita kijana wa jirani.

"Mwanangu, siku ya mvua na mawingu mazito usiwape kitu. Ukiwakuta asubuhi wanatweta juu ya maji, fungua maji ya mfereji kwanza, halafu unipigie."

"Na wakiniangalia kwa njaa, Shosho?"

"Watakuangalia. Samaki hashibi kwa macho."

Alimkabidhi daftari pia, aandike kila asubuhi maji yamefika alama gani kwenye kijiti, na samaki wamekula au wamekataa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ujira wa kijana ulitajwa mbele ya mamake: pesa kidogo, na samaki wa mboga kila wiki, ambao kuvuliwa kwao kungezidi kulipunguzia bwawa mzigo.

Katika hayo yote hakuna chombo cha bei. Kuna mtu anayeyajua maji yake kiasi cha kuweza kuyaeleza kwa mwingine, akampa kazi inayobebeka na kumwachia madaraka ya kuamua. Mfugaji ambaye bwawa lake haliishi wiki mbili bila yeye bado hajamaliza kujifunza. Kwa hiyo wewe mwenye bwawa kule Nkubu, Chuka au Manyatta, usingoje siku ya safari. Anza mwezi mmoja kabla, punguza samaki, punguza chakula, na mfundishe kijana mmoja kuyasoma maji ungali upo.