Fani na Maudhui katika Kitabu cha Msanii: Tahakiki ya Ufundishaji katika Karakana ya Uchapaji

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, uhusiano wa fani na maudhui umeelezwa kwa tamathali mbili zinazofahamika. Wapo wanaouona kama kikombe na kahawa, chombo na kilichomo. Wapo wanaouona kama pande mbili za sarafu moja. Mjadala huo huishia kwenye muundo, mtindo, wahusika na matumizi ya lugha. Karatasi, wino, uzi na jalada huachiwa mchapishaji. Makala hii inachunguza mahali ambapo vitu hivyo haviachiwi mtu mwingine, yaani karakana ya chuo kikuu inayowafundisha wanafunzi kutengeneza vitabu vya wasanii kwa mkono. Hoja yake ni kwamba ufundishaji huo hutimiza lengo pale unapomfanya mwanafunzi kuwa msomaji makini zaidi. Ukiishia kwenye ustadi wa mikono, huzaa vitu vya kutazamwa badala ya vitabu vya kusomwa.

Kitabu cha msanii si kitabu kuhusu sanaa, wala si hadithi iliyotiwa picha. Ni kazi ya sanaa ambayo umbo lake ni kitabu chenyewe. Ulises Carrión, mwandishi wa Mexico, aliitetea dhana hii katika insha yake ya mwaka 1975, alipotofautisha kuandika matini na kutengeneza kitabu. Kwake, mwandishi anayekabidhi maneno yake na kuondoka hajatengeneza kitabu.

Walter Hamady aliifanya tofauti hiyo kuwa somo la vitendo. Alianzisha Perishable Press mwaka 1964, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, kuanzia mwaka 1966 kwa takriban miaka 30. Katika mfululizo wake wa Gabberjabb, sehemu ambazo msomaji huzipita bila kuzitazama, kama vile tanbihi na taarifa za uchapaji, zinageuzwa kuwa uwanja wa mzaha na maana.

Thamani ya mafunzo ya namna hii inaonekana katika kazi yenyewe. Mwanafunzi anayepanga herufi za risasi huziokota moja moja, zikiwa zimegeuka kama zionekanavyo kwenye kioo. Hata nafasi tupu kati ya maneno ni kipande cha chuma anachokishika. Ukimya ndani ya shairi, ambao darasani huelezwa kwa istilahi, karakanani una upana na uzito. Kadhalika, karatasi moja ikikunjwa mara tatu hutoa kurasa 16. Kabla ya kukunjwa, ukurasa wa 1 hulala ubavuni mwa ukurasa wa 16. Mwanafunzi hulazimika kuujua mwisho wa kazi kabla ya kuchapa mwanzo wake. Hapa tamathali ya kikombe na kahawa inashindwa, kwa kuwa hakuna maudhui yanayosubiri kumiminwa.

Hata hivyo, mafunzo haya yana hatari yake. Karatasi ya mkono na mshono wa ustadi hupandisha gharama na kupunguza nakala. Kitabu huishia katika makusanyo maalumu, ambako husomwa kwa ruhusa, au hakisomwi kabisa. Mwanafunzi aliyezoea kusifiwa kwa unyoofu wa mshono anaweza kusahau kuuliza kitabu chake kinasema nini. Twentysix Gasoline Stations ya Ed Ruscha, iliyotoka mwaka 1963 kwa nakala 400, ilichapwa kwa njia ya kawaida ya kibiashara, bila madoido ya mkono. Hata hivyo, ni miongoni mwa kazi zilizouweka msingi wa fani hii, kwa sababu maana yake imo katika mfuatano wa kurasa.

Amos Paul Kennedy Jr. anaonyesha njia nyingine. Mchapaji huyu Mmarekani Mweusi aliacha kazi ya programu za kompyuta, akasoma Madison na kuhitimu shahada ya uzamili mwaka 1997. Baadaye alijulikana zaidi kwa mabango yenye herufi za mbao na tabaka nyingi za rangi, yaliyochapwa kwenye karatasi ngumu ya bei nafuu na kubeba kauli kuhusu haki na usawa. Ustadi wa karakana ulibaki; kilichobadilika ni msomaji aliyelengwa.

Kwa hiyo, kigezo cha kutathmini kazi ya mwanafunzi hakipaswi kuwa usafi wa chapa pekee. Kitabu kipewe msomaji ambaye hakuwapo karakanani, na aulizwe kile ambacho mkunjo, nafasi tupu na mpangilio wa kurasa vimemfanya aelewe. Akisifu jalada tu, kazi bado haijakamilika. Akieleza maana ambayo isingekuwapo bila umbo hilo, mwanafunzi amethibitisha kwa mikono yake kile ambacho tamathali ya sarafu hukidai kwa maneno.