Uongo Mmoja na Hesabu Zake

Mwaka 1863 Mfaransa Jules Verne alichapisha riwaya yake ya kwanza, kisa cha wanaume watatu wanaovuka Afrika kwa puto la gesi, wakianzia Unguja na kuishia Senegali. Mwenyewe hakuwahi kutia mguu Unguja. Habari za bara aliziokota katika vitabu vya wasafiri wa Kizungu, na wenyeji aliwachora kama washenzi, jambo ambalo msomaji wa kwetu hawezi kulifumbia macho. Hata hivyo kitabu hicho kina ukurasa mmoja ambao ningependa kila anayetamani kuandika hadithi za kisayansi ausome taratibu. Ni orodha ya mizigo. Daktari Fergusson, ratili 135. Rafiki yake Kennedy, 153. Mtumishi Joe, 120. Halafu puto la nje, puto la ndani, nanga, bunduki, nyama, biskuti, chai, ratili 400 za maji, hata uzito wa gesi yenyewe. Jumla, ratili 4,000 kamili.

Duniani hakukuwa na puto la kufanya safari hiyo. Huo ndio uongo wa Verne, na ni mmoja. Baada ya kuusema, alishika kalamu akapima kila kitu, chai nayo ikiwemo. Ndiyo maana maji yanapowaishia wasafiri jangwani, msomaji naye hukaukwa na koo: alikuwapo yalipopimwa.

Naipenda kazi hii kwa sababu ya nidhamu hiyo. Mtambaji wa ngano humsemesha sungura, nasi hatumuulizi sungura alijifunzia wapi. Mwandishi wa hadithi za kisayansi huulizwa. Anaruhusiwa kubadili jambo moja la dunia, kisha anadaiwa matokeo yake yote, hadi senti ya mwisho.

Mary Shelley alilijua hilo kabla ya Verne, tena akiwa msichana wa miaka 18. Mwaka 1815 volkano ya Tambora, katika Indonesia ya leo, ililipuka kwa kishindo, na kiangazi cha mwaka uliofuata Ulaya ikapata baridi na mvua zisizokwisha. Shelley na wenzake walikuwa kando ya Ziwa Geneva, wamefungiwa ndani na hali ya hewa. Mmoja wao, mshairi Byron, akawataka kila mmoja atunge kisa cha mizimu. Kwa kuwa wanasayansi wa zama hizo walikwisha kuona miguu ya vyura waliokufa ikirusha mateke inapoguswa na umeme, Shelley hakuhitaji mzimu. *Frankenstein* ikatoka mwaka 1818.

Wengi huikumbuka kwa kiumbe kilichoundwa kutokana na viungo vya maiti. Mimi husimama pale kiumbe hicho kinapojificha kibandani, jirani na nyumba ya watu maskini, kikichungulia kwenye ufa wa ukuta na kujifunza kusema kwa kuwasikiliza. Kikishajua lugha, kinamwendea aliyekiumba na kudai mwenzi. Tangu hapo kitabu si cha kutisha tena. Ni kesi ya malezi, na mshtakiwa ni mwanasayansi.

H. G. Wells naye, mwaka 1898, aliwateremsha Uingereza viumbe wa Mirihi wenye silaha ambazo mizinga ya Malkia haikuweza kuzizuia. Katika sura ya kwanza ya kitabu hicho anawakumbusha Waingereza jinsi watu wa Tasmania walivyotendewa na walowezi wa Kizungu, ili wasije wakawaona wavamizi hao kuwa wakatili wasio na mfano. Kuyaandika hayo Uingereza, ukoloni ukiwa umeshamiri, kulitaka moyo.

Baadaye aina za hadithi hizi zikawa nyingi. Mwaka 1926 Hugo Gernsback alianzisha Marekani jarida lililobeba hadithi za namna hii tu. Wakaja akina Arthur C. Clarke, ambao hawakukubali kanuni za fizikia zivunjwe ovyo. Wengine wakabadili serikali badala ya mashine, kama Orwell mwaka 1949. Ursula Le Guin, binti wa mwanaanthropolojia, mwaka 1969 alibuni sayari ambayo watu wake si wanaume wala wanawake, kisha akafuatilia hali hiyo hadi kwenye siasa, ukoo na mapenzi. William Gibson akaja na ulimwengu wa kompyuta mwaka 1984. Sioni haja ya kugombania mipaka ya aina hizo. Octavia Butler aliandika *Kindred* mwaka 1979, mwanamke Mweusi wa California akivutwa mara kwa mara kurudi enzi za utumwa huko Maryland. Hakuna mashine inayomrudisha, na Butler mwenyewe hakuiita riwaya ya kisayansi. Lakini gharama imehesabiwa: mwanamke huyo analazimika kumwokoa mtoto wa mmiliki wa watumwa, kwa kuwa bila mtoto huyo ukoo wake hautakuwapo, na safari ya mwisho inamgharimu mkono.

Kwetu kazi hii haikuanza jana. Katama Mkangi wa Kenya, ambaye miaka ya 1980 aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa, alichapisha *Walenisi* mwaka 1995. Dzombo, aliyehukumiwa na watawala wa kwao, anatupwa angani ndani ya chombo na kufika kwenye ulimwengu wa watu walio sawa. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu akatoa filamu fupi, *Pumzi*: vita vya maji vimekwisha, watu wanaishi wamejifungia, jasho na mkojo husafishwa vikanywewa tena. Asha, mhusika mkuu, anapotoroka na mche kwenda kuupanda nje, tunajua kila tone analoumwagia limetoka wapi.

Waandishi vijana wa Kiswahili, wino upo. Ipandisheni bahari hadi ifunike Forodhani, kisha mtuambie nani anauza maji ya kunywa, nani anamiliki ghorofa za juu, na makaburi ya wazee yamehamishiwa wapi. Nanyi wahariri, mswada wenye roketi ukifika mezani msiurudishe kabla ya kuusoma hadi mwisho. Wasomaji tupo, na tunausubiri.