Samaki aliye ndani yetu? Neno juu ya kitabu cha Bwana Neil Shubin

Mwaka 2008 Bwana Neil Shubin, profesa katika Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, alitoa kitabu kiitwacho Your Inner Fish, maana yake: samaki aliye ndani yako. Ndugu wasomaji, wengi kati yetu hawatakishika mikononi, lakini mafundisho ya namna hii yanafika shuleni, na vijana wanawauliza mapadri na wakatekista: je, ni kweli tumetoka katika samaki? Kwa hiyo inafaa kukipima kitabu hiki kwa haki, tujue ni neno gani linathibitishwa ndani yake, na ni neno gani linapita kipimo.

Sura iliyo bora, kwa maoni yetu, ni ya tatu. Mbele yake mwandishi ameeleza jinsi yeye na wenzake walivyopata mwaka 2004, katika kisiwa cha Ellesmere kule Kanada, mifupa iliyogeuka mawe ya Tiktaalik, samaki wa miaka milioni 375 hivi, mwenye mifupa ya kiwiko na ya kifundo cha mkono ndani ya pezi lake. Mtu angeweza kujibu: mifupa kufanana si ushuhuda wa kutosha. Ndipo mwandishi anatuongoza kwenye jeni, yaani amri za urithi zilizoandikwa ndani ya selule za mwili.

Anaeleza kwa utaratibu. Kwanza anataja kazi ya John Saunders na Mary Gasseling juu ya mayai ya kuku. Walikata kipande kidogo cha nyama upande wa nyuma wa bawa linaloanza kuota, wakakipandikiza upande wa mbele; bawa likaota vidole maradufu, vikitazamana kama mtu na sura yake katika kioo. Kipande kile kilikuwa kinatoa amri. Mwaka 1993 wenye elimu walitambua amri hiyo inatoka katika jeni gani. Waliiita Sonic hedgehog, jina walilolitwaa katika mchezo wa elektroniki wa watoto. Jina ni la mzaha, jambo lenyewe si mzaha: jeni hiyo iko kwa kuku, kwa panya, kwa samaki na kwa mtu. Kisha Randy Dahn, katika laboratwari ya mwandishi, alitia protini ya panya katika pezi la samaki mmoja bapa wa jamii ya papa, angali ndani ya yai. Vijiti vya pezi, ambavyo kwa kawaida vinafanana, vikaanza kutofautiana, kama vidole vyetu. Pezi la samaki lilisikia amri ya panya, ingawa babu yao wa pamoja aliishi zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Hapa kitabu kinasadikisha kwa majaribio, si kwa maneno matamu.

Lakini mkristu anaweza kusema: fundi mmoja anatumia nyundo moja kwa meza na kwa kiti, basi jeni moja inaonyesha Muumba mmoja tu, haionyeshi ukoo. Jibu lililo wazi zaidi lilikuja nyuma ya kitabu hiki. Iko sehemu ya ADN iitwayo ZRS, iliyo mbali na jeni yenyewe karibu herufi milioni moja, nayo inaamrisha jeni itumike mkononi na mguuni. Mwaka 2016 wajuzi wa California waliondoa ZRS ya panya, wakatia fasi yake ile ya samaki coelacanth: panya akaota miguu ya kawaida. Wakatia ile ya chatu: miguu ikabaki mifupi sana. Kisha wakarudisha katika ZRS ya chatu herufi 17 zilizopotea, na miguu ikaota tena. Basi nyoka, asiyetembea kwa miguu, angali anachukua amri ya miguu iliyochakaa. Fundi hafungi nyundo iliyovunjika katika mzigo wa mtu asiyeihitaji; lakini mrithi anaweza kubaki na chombo kibovu cha babu zake. Huo ndio ushuhuda wa ukoo.

Tuseme sasa makosa. La kwanza ni jina la kitabu, kwa sababu linampoteza msomaji wa haraka. Samaki mwenye mapafu, anayeishi katika ziwa Tanganyika, si babu yetu. Ni ndugu wa mbali sana, naye pia amepita njia yake mwenyewe. Kwetu kila mtoto anajua kwamba mwana wa baba mdogo si baba yake. Kosa la pili: katika sura ya mwisho mwandishi anaeleza kwikwi kuwa urithi wa samaki na wa viluwiluwi vya chura, kwa sauti ileile aliyoeleza nayo majaribio ya pezi. Hiyo ni dhana, haina ushuhuda wa nguvu sawa. Mwalimu mwema sherti aonyeshe tofauti.

Tena msomaji asidhani kwamba Sonic hedgehog ni “jeni ya mkono”. Inatumika pia katika ubongo na uso wa mtoto tumboni. Ikiharibika ZRS peke yake, watu wengine wanazaliwa na kidole cha ziada upande wa kidole gumba; jambo hilo lilionyeshwa mwaka 2003. Kidole cha ziada upande wa kidole kidogo, tunachokiona zaidi kwetu, kwa kawaida kina sababu nyingine ya urithi. Mkatekista anayewasikia watu wakinong’ona juu ya laana mbele ya mtoto wa namna hiyo anaweza kuwanyamazisha bila woga: ni herufi za urithi, si laana wala uchawi.

Na imani? Bwana Shubin hafundishi juu ya roho, nasi hatumlaumu. Haikuwa kazi yake. Baba Mtakatifu Pio XII, katika Humani generis ya mwaka 1950, hakukataza wajuzi kuchungua kama mwili wa mtu umetoka katika viumbe hai vya mbele. Alifundisha kwamba roho inaumbwa na Mungu mwenyewe. Kitabu hiki kinasema juu ya mwili. Anayekitumia kukana roho anakisemesha neno ambalo hakikusema. Na anayekikataa kwa kuilinda roho anapigana pasipo na adui.

Mwalimu wa seminari akisome, hasa sura ya tatu, na awafafanulie wanafunzi majaribio yake moja moja. Kijana akimwuliza kama tumetoka katika samaki, ajibu: mwili wetu una ukoo na samaki, na ushuhuda ni huu. Kisha auonyeshe.