Majina Matatu ya Programu Moja

Mwanaisimu atafutaye mfano wa maana kugongana na sheria na atazame kivinjari huria cha Mozilla. Mwaka 2002 kilitolewa kwa jina la Phoenix, yule ndege wa hadithi afufukaye katika majivu yake. Kampuni ya Phoenix Technologies ikapinga, kwa kuwa jina lilikuwa alama yake ya biashara. Mwaka 2003 likaja Firebird, yaani ndege wa moto: maana ile ile katika vazi jingine. Hapa ndipo penye kosa. Watunzi walitafuta kisawe, wasitazame ni nani alitumiaye tayari. Kumbe mradi wa hifadhidata, nao huria, uliitwa vivyo hivyo. Aliyetolewa nyumbani akaingia nyumba ya jirani.

Februari 2004 likachaguliwa Firefox. Neno hili humtaja panda mwekundu, lakini msikilizaji husikia mbweha na moto, na nembo ikamfuata msikilizaji. Nalihesabu kuwa bora: lahifadhi moto wa asili, wala haligombani na jirani.

Debian, walipokosa kuafikiana na Mozilla juu ya masharti ya alama mwaka 2006, waliiita nakala yao Iceweasel: barafu badala ya moto, kicheche badala ya mbweha. Ni mzaha mwerevu, lakini haueleweki pasipo jina unalolikana. Mwaka 2016 walilirudia Firefox.

Msimbo huria hunakiliwa na yeyote, jina sivyo. Nasi tuundao istilahi yatupasa kuuliza kwanza: je, neno hili lina mwenyewe?